Kusoma Manga za Kisasi cha Samurai Ukiwa na Msiba Wako Mwenyewe

Watu wanaoniuliza kuhusu manga za samurai, yaani vitabu vya katuni vya Kijapani kuhusu wapiganaji wa zamani wa huko, kwa kawaida hutaka orodha tu: waanze na ipi, ipi ina mapigano ya kusisimua, ipi imetafsiriwa vizuri. Majibu ninayo na nitayatoa, lakini itanibidi nieleze kwanza nilizisoma nikiwa katika hali gani, kwa kuwa hadithi za kisasi humpokea kila msomaji kwa kadiri ya mzigo alioingia nao. Kaka yangu aliuawa usiku alipokuwa akifunga duka lake mjini kwetu, na mwaka uliofuata mimi nikapata ufadhili wa masomo ya uhandisi nchini Japani. Watu wawili walikamatwa, wakahojiwa, wakaachiwa, na tangu hapo kila tulipoulizia tuliambiwa kwamba upelelezi unaendelea. Mama alisema jambo lile tumeshamwachia Mungu. Nilimwitikia, nikaaga, nikaondoka nikiwa sijamwachia mtu yeyote kitu chochote.

Mwalimu wangu wa lugha ndiye aliyenielekeza kwenye manga, na sababu yake ilikuwa ya darasani kabisa. Manga zinazotoka katika majarida ya vijana, kama Weekly Shonen Jump, huweka herufi ndogo za matamshi pembeni mwa kila kanji, zile herufi za asili ya Kichina, hivyo mgeni anaweza kutamka hata neno ambalo hajawahi kuliona na kulitafuta katika kamusi bila taabu. Nilichukua Rurouni Kenshin ya Nobuhiro Watsuki, iliyotoka kati ya mwaka 1994 na 1999 na kukusanywa katika juzuu 28, kwa sababu ilikuwa ikipatikana kila mahali kwa bei ya chini. Nilitarajia hadithi ya kuchangamsha, na kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyo: Kenshin, aliyekuwa muuaji wa siri katika vita vilivyomwondoa shoguni, mtawala wa kijeshi, na kuleta serikali mpya ya Meiji, anatangatanga na upanga ambao makali yake yamegeuzwa upande wa mgongo, akiwa ameapa kutoua tena. Kisha, hadithi inapoelekea ukingoni, anatokea Yukishiro Enishi.

Enishi alikuwa mtoto alipomshuhudia dada yake, Tomoe, akifa kwa upanga wa Kenshin. Tomoe naye alikuwa amejisogeza kwa Kenshin akitafuta kisasi cha mchumba wake, aliyeuawa na Kenshin huyohuyo, kabla moyo wake haujageuka akawa mkewe. Kisasi cha kwanza kilishindikana, na cha pili akaachiwa mtoto. Enishi humwona dada yake akilini akimtabasamia, na tabasamu hilo amelifanya kuwa ruhusa ya kila alifanyalo; mambo yanapofika mbali tabasamu linapotea, naye haelewi kwa nini. Nilizisoma kurasa hizo ndani ya treni ya asubuhi nikiwa nimesimama, kamusi ikiwa wazi kwenye simu, na nikashuka katika kituo ambacho hakikuwa changu. Mimi pia nilikuwa na uso wa kaka yangu ambao nilikuwa nikiutumia kwa namna hiyo.

Kuanzia hapo nilizitafuta hadithi za aina hii kwa makusudi. Suala la fedha nalitaja mapema kwa kuwa watu hulificha. Manga zilizopendwa na wengi huuzwa katika maduka ya vitabu vilivyotumika kwa yeni 110 kwa juzuu, kodi ikiwa ndani, lakini zile za zamani zilizoandikiwa watu wazima hazipatikani kirahisi hivyo. Nilizunguka sana Jimbocho, mtaa wa Tokyo unaosifika kwa maduka ya vitabu vya zamani, na fedha niliyokuwa nimeitenga kwa chakula iliishia huko zaidi ya mara moja. Aliyeko Japani atapata nafuu katika mikahawa ya manga, ambako mtu hulipia saa na kusoma atakacho. Aliyeko nyumbani anunue toleo la kidijitali la Kiingereza badala ya kuagiza karatasi, kwa sababu usafirishaji wa mfululizo mrefu unaweza kuzidi bei ya vitabu vyenyewe.

Ugumu wa lugha ulinizidi nilipohamia kwenye manga za watu wazima. Huko herufi ndogo za kusaidia ni chache, wahusika wanazungumza Kijapani cha kikale cha tabaka la samurai, na fedha, umbali na saa vyote vinatajwa kwa vipimo ambavyo havitumiki tena. Hata wanafunzi wenzangu Wajapani walikuwa wakikwama mahali fulani. Hata hivyo, kilichonifungulia hadithi hizi hakikuwa kamusi. Kilikuwa sheria, na ningemshauri kila msomaji mpya aanzie hapo kabla ya kufungua juzuu ya kwanza ya chochote.

Katika enzi ya Edo, kuanzia mwaka 1603 hadi 1868, kisasi cha halali kiliitwa katakiuchi na kilikuwa na taratibu zake kama shughuli nyingine za serikali. Samurai ambaye baba yake ameuawa na muuaji akakimbilia nje ya eneo lao aliomba ruhusa kwa bwana wake, mtawala wa eneo aliyemtumikia. Bwana aliifikisha habari kwa serikali ya shoguni. Jina la mwombaji likaingizwa katika daftari la mahakimu. Ndipo safari ya kumsaka adui ikaanza. Akimpata, alitakiwa kutoa taarifa kwa wakuu wa mahali hapo, na akishaua alizuiliwa hadi daftari lipekuliwe na jina lake lionekane. Jamaa za aliyeuawa kwa kisasi halali hawakuruhusiwa kulipiza tena. Ruhusa yenyewe ilitolewa kwa ajili ya wakubwa tu: mtoto kwa mzazi wake, mdogo kwa kaka yake. Baba hakuruhusiwa kumlipizia mwanawe, wala kaka kumlipizia mdogo wake.

Nilikaa na kifungu hicho cha mwisho kwa muda mrefu, katika maktaba ya chuo, kompyuta ikiwa imeshajizima. Mimi ndiye mdogo. Kwa sheria ya Edo ningeruhusiwa kuomba, lakini mwenye haki kunizidi angekuwa mtoto wa kaka, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne na alikuwa bado akiuliza baba yake anarudi lini.

Ukishaijua sheria hiyo unaanza kuona ni nini hasa kinachosimuliwa. Mtu aliyetoka kwenda kulipiza kisasi hakuweza kurudi nyumbani mikono mitupu, maana heshima na riziki ya ukoo vilimsubiri yeye. Wengi walizeeka njiani. Baba yake Kume Kotaro, samurai wa eneo la Shibata, aliuawa mwaka 1817 Kotaro akiwa mtoto, naye alimpata muuaji mwaka 1857, wakati mtu huyo alikwisha kuwa mzee na mtawa wa Kibudha. Miaka 40 ya mtu mmoja ilitumika kumfikia mzee ambaye pengine asingefika mwaka uliofuata. Watunzi wa manga wanaijua historia hii vizuri, na ndiyo maana kazi zao bora zina kurasa nyingi za njaa, mvua, madeni na nyumba za wageni kuliko za panga.

Kozure Okami ndiyo kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, na ndiyo iliyonigharimu zaidi. Iliandikwa na Kazuo Koike na kuchorwa na Goseki Kojima kati ya mwaka 1970 na 1976, ikafika juzuu 28. Ogami Itto ni mkata vichwa rasmi wa shoguni: bwana fulani anapoamriwa kujiua, yeye ndiye husimama nyuma na kumkata shingo mara tu anapojipasua tumbo. Ukoo wa Yagyu unakitamani cheo hicho, kwa hiyo unamwulia mkewe na watu wa nyumbani mwake, kisha unatia katika chumba chake cha ibada kibao cha kumbukumbu ya marehemu chenye nembo ya shoguni, ili ionekane kwamba anaomba mkuu wake afe. Ogami anakataa kujiua. Anabaki na mtoto mmoja, Daigoro, anayetambaa bado.

Kinachofuata nimekirudia mara nyingi. Ogami anaweka mbele ya mtoto mpira na upanga uliochomwa chini, kisha anamweleza kwamba akiuchagua mpira atamfuata mama yake alikokwenda, na akiuchagua upanga watakwenda pamoja katika njia ya mauaji. Kojima, aliyechora kwa brashi na wino, haharakishi hapo. Mtoto anautazama mpira. Anautazama upanga. Uso wa baba hausemi lolote. Mkono mdogo unasogea, na kwa picha kadhaa huwezi kujua unakwenda wapi, mpaka vidole vinapoufikia upanga. Nilipofika hapo mara ya kwanza nilifurahi, kama msomaji yeyote anavyotaka hadithi iendelee. Nilipofika mara ya pili, baada ya kuzungumza na nyumbani siku hiyohiyo na kusikia sauti ya mtoto wa kaka nyuma ya mama, niliona kwamba mtoto yule hakuchagua chochote. Aliwekewa vitu viwili mbele yake na mtu mzima aliyekuwa na hasira.

Baada ya hapo Ogami anazunguka nchi nzima akisukuma kigari cha mtoto kilichofichwa silaha, akiua kwa malipo ya ryo 500, sarafu za dhahabu za wakati huo, kila kazi, fedha anazozikusanya kwa ajili ya vita vyake na Yagyu. Sura nyingi zinajitegemea, kwa hiyo msomaji anaweza kuchoka na kudhani kwamba kisasi kimesahaulika. Hakijasahaulika. Ningemshauri asome sura chache kwa wakati mmoja, asizimeze, kwa sababu nguvu yake iko katika mrundikano: wakulima waliokamuliwa kodi, wanawake waliouzwa, maofisa wadogo wanaokufa kwa ajili ya makosa ya wakubwa wao. Toleo la Kiingereza la kampuni ya Dark Horse lilitoka katika juzuu zote 28 kati ya mwaka 2000 na 2002, likarudiwa baadaye katika vitabu 12 vinene zaidi. Lina kasoro moja ambayo ni vyema kuijua: kurasa ziligeuzwa kama kwenye kioo ili zisomwe kutoka kushoto, kwa hiyo wapiganaji wote wamekuwa wa mkono wa kushoto na panga zao zinaning'inia upande usio wake.

Asiyetaka kuujua mwisho aruke aya hii. Ogami na Yagyu Retsudo, mzee aliyewazika wanawe mmoja baada ya mwingine kwa sababu ya Ogami, wanakutana kwa pambano la mwisho, na Ogami anakufa kabla ya kulimaliza. Daigoro anaokota mkuki na kumkimbilia mzee. Retsudo angeweza kumuua kwa kofi. Badala yake anafungua mikono, anauacha mkuki umwingie, anamkumbatia mtoto na kumwita mjukuu wake. Nimesoma watu wakiuita mwisho huo upatanisho. Mimi siuoni hivyo. Naona watu wazima wawili waliopigana hadi wakaisha, na mtoto wa miaka michache aliyebaki peke yake uwanjani akiwa ameshaua, na kitabu kinafungwa kabla mtu hajamwuliza atakula wapi usiku huo.

Koike alilirudia jambo la mtoto katika Shurayuki-hime, iliyochorwa na Kazuo Kamimura katika miaka ya 1972 na 1973, na safari hii alilifikisha mwisho kabisa. Mama yake Oyuki yuko gerezani kwa kumuua mmoja wa watu waliomuua mumewe na mwanawe wa kwanza, na kwa kuwa hawezi kuwafikia waliobaki, anatafuta mimba humo gerezani ili azae mtu wa kuimalizia kazi. Anajifungua na kufa. Oyuki amezaliwa akiwa na deni, analelewa kwa mazoezi ya kuua, na anawasaka watu ambao yeye binafsi hawajamtendea lolote, kwa ajili ya mume wa mama yake ambaye hakuwahi kumwona. Tena hadithi iko katika enzi ya Meiji, baada ya serikali mpya kukipiga marufuku kisasi mwezi Februari 1873, kwa hiyo hana hata daftari la kumwokoa. Wengi wanaijua kupitia filamu ya mwaka 1973 iliyochezwa na Meiko Kaji. Manga yenyewe ina picha nyingi za utupu na za wanawake kudhalilishwa, na Kozure Okami nayo haiepukani na hayo. Ubakaji umetumika humo kama chombo cha kuiendesha hadithi, wakati mwingine bila uzito unaostahili. Simpi mtu yeyote vitabu hivi bila kumwambia hilo kwanza, na simpi mtoto kabisa.

Nilitegemea Mugen no Junin ya Hiroaki Samura iwe ya kupumzikia, maana nilivutiwa na michoro yake ya penseli kabla sijasoma neno. Ilitoka kuanzia mwaka 1993 hadi 2012 na ina juzuu 30. Rin ni msichana ambaye kundi la Itto-ryu, likiongozwa na Anotsu Kagehisa, lilimuua baba yake na kumchukua mama yake; anamwajiri Manji, mpiganaji asiyekufa kwa kuwa mwilini mwake kuna minyoo inayounga majeraha, naye Manji ameapa kuwaua waovu 1,000 ili hatimaye aweze kufa. Kidogo kidogo Rin anagundua kwamba Anotsu pia anatekeleza kisasi, kwa sababu babu yake alifukuzwa na ukoo wa Rin. Kuna sehemu ambayo sikuweza kuipita haraka. Mmoja wa waliomtendea mama yake unyama amejitenga, anachonga vinyago, na analea mtoto wa kiume asiyejua lolote kuhusu maisha ya zamani ya baba yake. Rin anamwona mtoto. Anajua kwamba akikamilisha haki yake atakuwa amemtengeneza mtu mwingine kama yeye, na Samura anaacha swali hilo limtese kwa kurasa nyingi kabla ya damu kumwagika. Na inapomwagika, mtoto huyo, Renzo, hapotei katika hadithi. Anarudi baadaye, akiwa na chuki yake mwenyewe.

Hapa toleo la Kiingereza lilifanya jambo la kupendeza. Samura hakutaka kurasa zake zigeuzwe, na isitoshe Manji ana alama ya Kibudha mgongoni ambayo ikigeuzwa kama kwenye kioo hufanana na ile ya chama cha Hitler. Wachapishaji wakalazimika kuzikata picha na kuzipanga upya mojamoja ili zisomeke kutoka kushoto bila kupinduliwa. Anayesoma juzuu za mwanzo za toleo hilo na kuona mpangilio wa ukurasa umekaa kwa namna isiyo ya kawaida asidhani ni uzembe.

Kuhusu hali ya moyo, nitasema lililo kweli. Kwa miezi kadhaa usingizi wangu ulikuwa mbaya. Nilianza kuhesabu majina ya wale watu wawili walioachiwa, nikawa nayatafuta kwenye mitandao usiku, nikapata picha ya mmoja wao akiwa katika harusi. Shigurui ya Takayuki Yamaguchi, inayosimulia chuki kati ya Fujiki Gennosuke aliyekatwa mkono na Irako Seigen aliyepofushwa, wanaokutanishwa wapigane kwa panga halisi mbele ya bwana mkatili, niliiacha katikati ya juzuu 15 zake. Michoro yake ya miili iliyopasuliwa ni ya ustadi usio na kifani, na kwa mtu aliyeitambua maiti ya ndugu yake katika chumba cha maiti haifai hata kidogo. Niliziuza tena dukani kwa fedha ambayo haikutosha kununua chakula cha mchana. Mwenye msiba wa namna yangu asisome usiku, asisome mfululizo, na awe na mtu wa kumweleza anachosoma, mimi nilikuwa na mwanafunzi mwenzangu kutoka Mombasa ambaye hakuvutiwa na manga hata chembe lakini alinisikiliza tulipokuwa tukipika, na ndiye aliyenifutia ile picha ya harusi kwenye simu yangu, akaniambia, "Kaka, hii haikusaidii kitu."

Ni yeye pia aliyenisindikiza Sengakuji, hekalu la Tokyo yaliko makaburi ya ronini 47, yaani samurai waliobaki bila bwana, wa eneo la Ako, tarehe 14 Desemba, siku ya kumbukumbu yao. Kisa chao ndicho mama wa hadithi zote hizi. Mwaka 1701 bwana wao, Asano Naganori, alimshambulia Kira Yoshinaka ndani ya ngome ya Edo, akaamriwa kujiua siku hiyohiyo. Karibu miaka miwili baadaye watu wake, wakiongozwa na Oishi Kuranosuke, waliivamia nyumba ya Kira usiku, wakamuua, wakakipeleka kichwa chake kwenye kaburi la bwana wao. Kisima ambacho inasemekana walikioshea kichwa hicho bado kipo, kando ya njia ya kupandia makaburini. Watu huuziwa pale fungu la ubani na kuweka vijiti kwenye kila kaburi, na siku hiyo moshi ulikuwa mzito kiasi kwamba tulitoka macho yakitutiririka, huku waliovaa kama wale ronini wakiwasili kwa maandamano. Aendaye siku hiyo afike asubuhi na avae nguo ambazo hajali zikinuka moshi kwa wiki nzima.

Katika eneo la makaburi nilikumbuka sheria. Ruhusa ya katakiuchi kwa kawaida ilikuwa ya kulipizia ndugu, si bwana, na watu wa Ako hawakuwa katika daftari lolote. Ndiyo maana, pamoja na sifa zote walizopewa mitaani, 46 kati yao waliamriwa kujiua mwaka 1703. Mmoja, Terasaka Kichiemon, hakuadhibiwa na aliishi hadi uzee. Tena sababu ya Asano kumshambulia Kira haijathibitika hadi leo. Tamthilia zilimfanya Kira kuwa mlafi wa rushwa na mwenye dharau, kwa kuwa hadithi ya kisasi haiwezi kwenda bila adui anayechukiza. Lakini katika sehemu iitwayo Kira, mkoani Aichi, palipokuwa na ardhi yake, watu wanamkumbuka kama bwana mwema na wanalihusisha jina lake na tuta la kuzuia mafuriko lililookoa mashamba yao. Tulikwenda pia Ryogoku, mahali ilipokuwa nyumba yake. Ni bustani ndogo iliyozungushiwa ukuta, na tulikuwa wawili tu humo.

Kuna mtu mmoja ambaye natamani mtunzi mkubwa angemwandikia manga ndefu. Usui Rokuro alikuwa mtoto wazazi wake walipouawa huko Akizuki mwaka 1868. Alipokuwa mtu mzima kisasi kilikuwa kimekwisha kuwa mauaji kama mengine mbele ya sheria, na muuaji alikuwa ameshakuwa hakimu. Mwaka 1880 Rokuro alimuua mjini Tokyo, kisha akajisalimisha polisi. Wananchi walimsifu, magazeti yakamwandika, na mahakama ikamhukumu kifungo cha maisha, ingawa aliachiwa baadaye. Yote ambayo hadithi nyingine hupitia kwa mafumbo yamo humo: deni alilopewa mtoto, sheria iliyobadilika angali akikua, na hakimu mwenye damu mikononi.

Niliporudi nyumbani nilikuja na Kozure Okami yote ndani ya sanduku, nikalipia uzito uliozidi, pamoja na Rurouni Kenshin niliyoijaza maandishi ya penseli pembeni. Nilikwenda kuuliza habari za jalada la kesi ya kaka, nikaambiwa nirudi wiki inayofuata, na nimekuwa nikirudi. Nina daftari langu la tarehe na majina ya niliozungumza nao, na mwanasheria mmoja amelichukua suala hilo kwa bei tunayoimudu. Mtoto wa kaka sasa ana miaka 13 na anapenda kuchora. Amezikuta zile juzuu 28 na nimezihamishia kabatini juu, nikamwambia wazi kwamba atazisoma akishakuwa mtu mzima, na nikamweleza sababu, ikiwemo ile ya mpira na upanga. Rurouni Kenshin nimemwachia aisome na tafsiri ya Kiingereza pembeni, na tunapofika kwa Enishi tunasoma pamoja sebuleni, bibi yake akiwa hapohapo.

Kisa cha ronini 47 nilimsimulia mwenyewe bila kitabu. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Baba mdogo, kwani huyo Kira alikuwa mbaya kweli?" Nikamjibu kwamba inategemea unamwuliza nani, kwa sababu watu wa Aichi hawasemi hivyo, na nikaanza kumweleza habari za tuta.